Kuchachuka na Kuoza: Mpaka Uko Wapi?

Maziwa yaliyochemshwa, yakaachwa yapoe mpaka kidole kiyavumilie, yakatiwa kijiko cha mtindi wa jana na kufunikwa vizuri, huganda kwa muda wa saa 6 hadi 8. Kabichi iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo, ikakandwa mpaka itoe maji yake na kushindiliwa ndani ya chupa yenye mdomo mpana, huanza kutoa mapovu siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki kadhaa huwa chakula kikali na kitamu kinachoweza kukaa miezi mahali pa baridi. Vitu hivi viwili havikuonjeshwa moto tena baada ya kufunikwa. Vimegeuzwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Na samaki aliyesahauliwa mezani siku hiyohiyo, katika nyumba hiyohiyo, naye amegeuzwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Lakini huyo hutupwa, na aliyemshika hunawa mikono.

Kwa nini geuko moja huitwa chakula na jingine uozo? Swali hili lina upande wa falsafa na upande wa dini. Falsafa huuliza kama tofauti imo ndani ya kitu chenyewe au imo katika pua na tumbo la mlaji tu. Dini huuliza jambo lililo karibu na hilo, lakini zito zaidi kwa anayetaka kula: kitu kikishageuka, hukumu yake hugeuka pamoja nacho, au hubaki imefungwa na asili yake? Maswali haya yamejadiliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na majibu yaliyotolewa hayafanani hata kidogo.

Inafaa kuanza na kinachotokea ndani ya chupa, maana majibu mengi huyumba kwa kukosa kukijua. Kabichi yoyote ya sokoni imebeba juu ya majani yake bakteria wa kuozesha, bakteria wa kuchachua, hamira za mwituni na mbegu za ukungu. Wachachuaji ndio wachache mwanzoni. Chumvi ndiyo inayowapa nafasi, kwa sababu wao huivumilia wakati wengi wa wapinzani wao hawaivumilii. Kuzamisha kabichi chini ya maji yake ya chumvi, kwa jiwe safi au gilasi nzito, huunyima ukungu hewa unayoihitaji. Hapo bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides hutangulia: hula sukari ya kabichi na kutoa asidi pamoja na gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo huifukuza hewa iliyobaki. Asidi ikizidi kiasi chake, yeye mwenyewe hushindwa, na mahali pake huchukuliwa na Lactiplantibacillus plantarum, anayestahimili ukali mkubwa zaidi. Mwishowe pH hushuka mpaka karibu na 3.5, chini sana ya 4.6, kiwango ambacho chini yake bakteria wa botulizimu hawezi kuota wala kutoa sumu. Sukari ikiisha, kazi husimama.

Joto huamua mwendo wa safari hii. Kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi kabichi huchachuka taratibu na kubaki na ukakamavu wake. Katika joto la Pwani, ambalo mara nyingi hufikia nyuzi 30, kazi huenda mbio na majani hulainika upesi. Ndiyo maana chupa huwekwa sakafuni, kwenye pembe ya nyumba iliyo baridi kuliko zote, na kuonjwa mapema.

Mtindi una wenyeji wake. Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus hupenda joto la nyuzi 43 hadi 45, na kila mmoja hutoa virutubisho vinavyomfaa mwenzake. Huyu wa pili aligunduliwa na Stamen Grigorov, tabibu kijana wa Bulgaria, alipokuwa akifanya utafiti Geneva mwaka 1905. Wawili hawa huigeuza laktosi ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na pH inapokaribia 4.6 protini iitwayo kasini hujikusanya, nayo maziwa huganda. Kwa Wakalenjin wa Kenya, maziwa ya mursik hugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa Senna didymobotrya. Hapo si lazima kutia kijiko cha mtindi wa jana. Wachachuaji wanakaa katika kuta za kibuyu chenyewe, wakisubiri maziwa mapya.

Mkono wa mtu katika haya yote umefanya machache. Umekata, umepima chumvi, umeshindilia, umefunika, kisha umengoja. Mchachuaji ni kama bawabu: hapiki karamu, ila huamua nani aingie na nani abaki nje. Jambo hili litarudi kwenye sheria za dini, kwa sababu sheria hupenda kujua ni nani aliyetenda.

Mwanafalsafa wa kale aliyelishika swali hili kwa mapana ni Aristotle, katika kitabu cha nne cha Meteorologica. Alitenga mambo mawili ambayo kwa macho hukaribiana. La kwanza ni kuiva, ambako joto la asili lililomo ndani ya kitu hukifikisha kwenye ukamilifu wake: tunda huiva mtini, chakula huiva tumboni. La pili ni kuoza, ambako joto hilo la ndani hushindwa na joto la nje, kitu kikapoteza umbo lake na kurudi kwenye unyevunyevu na vumbi. Kuoza, kwa maoni yake, ndiko mwisho wa kila kitu cha asili kisichoangamizwa kwa nguvu kabla ya wakati. Tofauti basi, kwa Aristotle, imo ndani ya kitu: kinachoiva kinaelekea kwenye lengo lake, na kinachooza kinalipoteza.

Jibu hili ni zuri, lakini kabichi huliletea taabu. Lengo la kabichi si kuwa chakula kikali ndani ya chupa. Kabichi ikiachiwa maisha yake huchanua maua ya manjano na kutoa mbegu. Kwa upande wa kabichi, chupa ni kifo sawa na jaa la takataka. Maziwa nayo yaliumbwa yamfikie ndama moja kwa moja kutoka kiweleni, bila kupitia kibuyu. Wapo waliohitimisha kutokana na hili kwamba tofauti ya kuchachuka na kuoza ni ya mlaji peke yake: kinachotufaa tumekiita chakula, kinachotudhuru tumekiita uozo, na asili yenyewe haijui majina hayo.

Hitimisho hilo linakwenda mbali mno. Kuna tofauti ambayo ulimi wa mtu haukuibuni. Samaki anayeoza haachi kugeuka: leo harufu, kesho utelezi, keshokutwa funza, mpaka pasibaki kitu. Kila hatua huwafungulia mlango waharibifu wapya. Kabichi iliyochachuka hufika mahali ikasimama, kwa sababu asidi iliyotolewa na wachachuaji huwazuia waharibifu, kisha huwazuia hata wachachuaji wenyewe. Geuko moja lina kituo na jingine halina. Kituo hicho hupimika kwa karatasi ya pH, na kingekuwapo hata kama hakuna mtu wa kukila chakula hicho. Kwa hiyo Aristotle alikuwa na haki kutafuta tofauti ndani ya kitu. Alipokosea ni pale alipoiweka katika lengo la kitu kabla hakijageuka, ilhali imo katika hali kinayoifikia.

Karne ya 19 swali hilihili lilizuka tena katika maabara. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alishikilia kwamba kuchachuka ni tawi la kuoza tu: vitu vilivyo katika hali ya kuvunjika huvivunja vingine vilivyo jirani navyo, na hakuna uhai unaohitajika. Louis Pasteur, katika andiko lake la mwaka 1857 kuhusu uchachukaji wa asidi ya laktiki, alionyesha kwamba ndani ya maziwa yanayochacha na sukari inayochachuka mna kitu cha kijivu kinachokua na kuongezeka, na kwamba kila uchachukaji una kiumbe wake. Kwa Pasteur uchachukaji ulikuwa tendo la uhai. Ushindi wake ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa kamili. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira kwa mchanga, akakamua maji yake yasiyo na seli hata moja iliyo hai, na maji hayo yakachachua sukari vilevile. Vimeng'enya vilivyotengenezwa na uhai viliweza kufanya kazi bila uhai. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ugunduzi huo. Anayesema kwamba kuchachuka ni uhai na kuoza ni mauti hawezi tena kutegemea sayansi. Kote kuwili mna viumbe hai wanaokula, na kote kuwili mna vimeng'enya vinavyoweza kutenganishwa nao.

Sheria za dini zilianza kuweka mipaka zamani kabla ya hadubini, na ni ajabu jinsi zilivyogusa palepale. Marabi wa Talmudi, katika sehemu inayohusu Pasaka, walitaja nafaka tano zinazoweza kuwa chachu iliyokatazwa siku hizo, zikiongozwa na ngano na shayiri. Mchele na mtama mdogo waliviweka kando: hivyo vikiloweshwa na kuachwa, walisema, haviumuki, vinaoza. Huu ni mpaka uliochorwa waziwazi kati ya kuchachuka na kuoza, na uliwekwa katika aina ya nafaka. Baadaye muda nao uliwekewa kipimo: unga wa ngano uliotiwa maji na kuachwa dakika 18 bila kukandwa huhesabiwa kuwa umekwisha kuingia chachu. Lakini kabichi ya chumvi haiguswi na katazo hili, wala mtindi. Na mkate wa hamira uliokatazwa siku saba za Pasaka, au nane kwa Wayahudi wa nje ya Israeli, huliwa kwa baraka wiki inayofuata. Katazo hapa halikusema kwamba uchachukaji ni mbaya. Limeushika uchachukaji mmoja, kwa siku zake, ili kuwakumbusha watu haraka ya kutoka Misri, ambako unga haukupata nafasi ya kuumuka.

Hata madhabahuni hukumu haikuwa moja. Mambo ya Walawi sura ya 2 hukataza chachu kuteketezwa kwa moto kama sadaka, lakini sura ya 7 huagiza mikate iliyotiwa chachu iletwe pamoja na sadaka ya shukrani, na sura ya 23 huagiza mikate miwili ya namna hiyo siku ya Pentekoste. Chachu iliruhusiwa kuletwa mbele ya Mungu, haikuruhusiwa kuteketezwa. Agano Jipya liliurithi utata huo. Katika Mathayo sura ya 13 ufalme wa mbinguni unafananishwa na chachu iliyofichwa katika unga, na katika sura ya 16 ya kitabu hichohicho wanafunzi wanaonywa dhidi ya chachu ya Mafarisayo. Paulo anawaandikia Wakorintho waiondoe chachu ya kale. Nguvu ya kitu kidogo kuenea kimyakimya ndani ya kikubwa ndiyo iliyochukuliwa kuwa mfano. Wema au ubaya wake ulitegemea kilichokuwa kinaenea.

Ugomvi uliotokana na hapo haukuwa mdogo. Mwaka 1054, Kanisa la Roma na Kanisa la Constantinople yalipotengana, mojawapo ya mashtaka mazito lilikuwa mkate wa Ekaristi. Walatini walitumia mkate usiotiwa chachu, wakisema Yesu alikula karamu ile ya mwisho wakati wa Pasaka. Wagiriki walitumia mkate ulioumuka, na baadhi ya waandishi wao walisema mkate usio na chachu ni mkate uliokufa, usio na roho, usiofaa kuwa mwili wa Kristo aliye hai. Mtu wa nje huona jambo dogo limekuzwa. Lakini pande zote mbili zilikuwa zinajibu swali zito: je, utakatifu hubebwa vyema zaidi na kitu ambacho hakijaguswa na mageuzi, au na kitu kilichogeuka na kupata uhai mpya? Mtaguso wa Florence, mwaka 1439, ulikiri kwamba mikate yote miwili ni halali, ingawa muungano uliotafutwa pale haukudumu. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Kenya na Uganda mpaka leo hutumia mkate ulioumuka.

Kuna sheria moja katika Torati inayostahili kuwekwa kando ya ile ya Kiislamu, kwa sababu zinapingana uso kwa uso. Hesabu sura ya 6 humkataza Mnadhiri, yaani mtu aliyejifunga kwa nadhiri mbele ya Mungu, kunywa mvinyo, na humkataza pia siki iliyotokana na mvinyo. Ulevi umekwisha ondoka, kitu kimekuwa kingine kwa ladha, kwa harufu na kwa matumizi, na bado hukumu imebaki palepale. Kwa Mnadhiri asili ndiyo inayoamua: kilichotoka kwenye mzabibu ni cha mzabibu, hata kigeuke mara ngapi.

Uislamu ulichukua njia nyingine. Katika Surat An-Nahl ya Kurani, aya ya 66 huwataka watu wazingatie maziwa yanayotoka safi kati ya kinyesi na damu katika matumbo ya wanyama. Aya inayofuata, ya 67, huzungumzia matunda ya mitende na mizabibu, ambayo watu hupata kwayo kileo na riziki njema. Wafasiri husema aya hiyo iliteremka kabla ya ulevi kuharamishwa. Mageuzi mawili yamewekwa jirani kama ishara kwa wenye akili: kitu safi kutoka katikati ya vitu visivyo safi, na tunda moja lenye njia mbili.

Njia hizo mbili ziliwashughulisha sana Waislamu wa kwanza, kwa sababu zilipita ndani ya vyombo vyao vya kila siku. Hadithi zilizopokewa na Imamu Muslim husimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akilowekewa tende au zabibu kavu katika maji, akinywa maji hayo matamu siku hiyo na zilizofuata mpaka siku ya tatu, kisha yaliyobaki yakimwagwa au kupewa wengine kabla hayajawa kileo. Ujumbe wa kabila la Abdul Qays ulipofika Madina ulikatazwa kulowekea katika vyombo vinne, kikiwamo kibuyu. Wanazuoni walieleza sababu: katika vyombo kama hivyo kinywaji huchachuka haraka bila mwenyewe kutambua. Baadaye ruhusa ilitolewa ya kutumia chombo chochote, kwa sharti moja kwamba kinachonywewa kisilevye. Kwanza watu walilindwa dhidi ya chombo. Walipoijua hatari, waliachiwa chombo wakabebeshwa wajibu wa kuangalia. Hii ni elimu ya kina kuhusu uchachukaji, iliyopatikana bila hadubini.

Anayefahamu togwa ya Tanzania huliona jambo hili bila taabu. Uji wa mahindi au mtama hupozwa, hutiwa unga wa kimea cha ulezi au togwa kidogo ya jana, na kesho yake huwa kinywaji chenye utamu na ukali wa mbali, kinachopewa hata watoto. Ukiuacha ukaendelea siku nyingi, huishia kuwa pombe. Hakuna saa iliyoandikwa juu ya mtungi kusema togwa imekoma na pombe imeanza. Wanazuoni walio wengi waliliziba pengo hilo kwa kanuni kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu. Imamu Abu Hanifa alitoa nafasi pana zaidi kwa vinywaji visivyotokana na zabibu wala tende, mradi mnywaji asifike ulevini, lakini fatwa katika madhehebu yake baadaye ilifuata rai ya mwanafunzi wake Muhammad al-Shaybani, iliyoungana na hao walio wengi. Kwa mtindi na kabichi ya chumvi kanuni hiyohiyo huleta nafuu: chembe za kileo zinazoweza kupimwa humo na maabara ni kidogo mno, na mtu angeshiba mpaka ashindwe kula kabla ya kulewa. Katika zama hizi baadhi ya mabaraza yameongeza namba. Baraza la Wanazuoni la Indonesia, katika fatwa ya mwaka 2018, liliruhusu vinywaji vilivyochachuka vyenye kileo chini ya asilimia 0.5 visivyodhuru.

Mahali ambapo fikra ya Kiislamu imezama zaidi ni katika siki. Watoto wa madrasa za Pwani wanaosoma Safinat al-Naja, kijitabu cha Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, hukutana mapema na vitu vitatu vya najisi vinavyoweza kutwaharika: pombe inapokuwa siki kwa nafsi yake, ngozi ya mzoga inapodabighiwa, na kile kinachogeuka kuwa mnyama. Pombe ni najisi. Siki ni twahara, na Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo chema. Kati ya hizo mbili hakuna kilichoondolewa kwa maji wala kwa mchanga. Kitu kimekuwa kingine, na hukumu imemfuata mwenyeji mpya wa mtungi. Tembo la mnazi lililofunikwa kwa kitambaa chepesi ili lipate hewa huwa siki baada ya wiki kadhaa, kwa kazi ya bakteria wa asetiki wanaokigeuza kileo kuwa asidi. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Pwani yote, geuko hilo linatosha.

Lakini Shafi waliongeza sharti lenye maana kubwa: kwa nafsi yake. Akitia mtu kitunguu au mkate wa moto ndani ya pombe ili kuiharakisha, siki inayopatikana haitwahariki. Akiuhamisha mtungi kutoka juani kwenda kivulini ili geuko liharakike, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kama alivyoandika Imamu Nawawi katika Minhaj, siki ni twahara. Hanafi hawakukubali tofauti hiyo. Kwao, namna yoyote ya kuigeuza pombe kuwa siki inafaa, kwa kuwa kinachotazamwa ni kilichopatikana.

Msomaji wa leo anaweza kuona sharti la Shafi ni la kupindukia, maana asidi ni asidi. Sababu ya kifiqhi ni kwamba kitu kilichotiwa hunajisika kwa kuigusa pombe, kisha hubaki mle kikiinajisi siki. Nyuma ya sababu hiyo kuna hekima inayohusu kila anayechachua. Kuhamisha mtungi ni kubadili mazingira na kuliacha geuko lijiendeshe. Kutia kitu ni kuingiza mkono ndani ya geuko lenyewe. Na Shafi hawakuisahau nia ya mtu. Walitofautisha pombe iliyopitia ulevi ikiwa njiani kuelekea siki, iliyokamuliwa kwa nia ya siki tangu mwanzo, na ile iliyokamuliwa ili inywewe. Ya kwanza waliiita yenye heshima na wakakataza kuimwaga ovyo. Mtungi mmoja, maji yaleyale, viumbe walewale. Nia ya aliyekamua ndiyo iliyoupa heshima. Kati ya njia zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo inayomtendea haki mchachuaji, kwa sababu inakubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba kazi haikufanywa na mkono wake, na kwamba hata hivyo anaulizwa juu yake.

Wajaini, wafuasi wa dini iliyotoka India, ambao jamii zao zimekaa Mombasa na Nairobi kwa zaidi ya vizazi vitatu, hutazama chupa ileile kwa jicho jingine kabisa. Kwao tatizo kubwa ni uhai. Kanuni ya kutodhuru kiumbe chochote inawafikia hata viumbe wasioonekana, ambao mafundisho yao ya kale yaliwataja kabla ya maabara kuwaona. Walioshika sana huepuka chakula kilicholala, na mtindi huula ukiwa mpya. Ugumu ni kwamba mtindi ulioganda asubuhi hii tayari umejaa: kiwango cha kimataifa cha Codex hutaka mtindi uwe na bakteria wasiopungua milioni 10 kwa kila gramu. Mpaka wa Wajaini basi umewekwa katika muda, na ni mpaka wa kupunguza madhara, kwa kuwa kuyaondoa yote hakuwezekani kwa anayekula.

Jambo moja la mwisho huwachanganya wengi, nalo ni kudhani kwamba kilichooza ni najisi na kilicho twahara ni salama. Fiqhi ya Shafi haisemi hivyo. Nyama ya halali iliyovunda haiwi najisi kwa kuvunda. Kuila ni makuruhu, na huwa haramu inapohofiwa kudhuru. Pombe yenye harufu nzuri ni najisi. Kuoza na unajisi ni mistari miwili inayokatana, haifuatani. Wala maziwa yaliyoganda yenyewe hayawi salama kwa sababu yameganda. Maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yanaweza kubeba bakteria wa brusela au wa kifua kikuu, na ukali wa mtindi hautegemewi kuwaua. Dawa yake inajulikana: maziwa huchemshwa kwanza, kisha hutiwa mbegu ya mtindi, kwa sababu moto huwaua wabaya pamoja na wazuri. Kuhifadhi nafsi kumehesabiwa na wanazuoni wa Kiislamu miongoni mwa makusudio makuu ya sharia, na hakuna dini iliyotajwa hapa iliyomruhusu mtu kumlisha mgeni kitu anachokishuku.

Utando mweupe bapa juu ya maji ya chumvi ni hamira za mwituni. Huondolewa kwa kijiko, na kabichi iliyo chini huliwa. Chupa iliyoota ukungu wenye manyoya au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, au inayonuka kama kitu kilichovunda, hutupwa yote pamoja na maji yake, hata kama hakuna sheikh, rabi wala kasisi aliyeiharamisha.